Nilifuta Alama za Fundi, Halafu Nikasema Nilizifuata

Hapana, sikubali! Eti nikisema ukweli nitawaharibia wasichana wote wanaotaka kushika spana? Kwani ule mkanda wa injini niliufunga kwa sketi? Niliufunga kwa mikono na haraka zangu!

Anayenibishia ni Tusekile, tunakaa naye chumba kimoja hapa Soweto, Mbeya. Tangu tutoke kanisani anaimba wimbo mmoja tu: "Kausha, shoga. Wanaume wa gereji wanakosea kila siku, umeona nani anaungama?"

Basi mimi naungama. Nimekosea mara mbili, na kosa la pili ndilo baya.

Najifunza ufundi wa magari kwenye gereji moja Uyole, mwaka wa pili sasa. Baba yangu yuko Nyololo. Nilipomwambia nachagua kazi hii aliniuliza, "Umesoma mpaka form four ili ukalale chini ya magari ya watu?" Nikamjibu ndiyo. Na leo, pamoja na aibu yote hii, jibu ni lile lile!

Jana Jumamosi asubuhi Mama Upendo alileta pikapu yake. Yule mama anakuja kwetu kwa sababu yangu. Anasema kabisa mbele ya watu, "Mnipe huyu binti, mwanamke mwenzangu." Mchana alikuwa anaenda Iringa, maana Upendo anasoma huko na leo ndiyo kipaimara chake. Alikuja na bibi yake Upendo, ambaye miguu imemgomea, hawezi kupanda basi. Pikapu ndiyo ilikuwa njia yake pekee ya kumwona mjukuu.

Mkanda wa taiming ulikuwa umeanza kupasuka. Kama hujui, huo ndio unafanya sehemu ya juu na ya chini ya injini zizunguke kwa kupatana. Ukiukosea meno mawili matatu tu, gari haiwaki. Ukizidi kulazimisha, valvu zinagongana na pistoni, na hapo umeua injini.

Fundi Ambwene, anayenifundisha, alichora alama kwenye puli, yale magurudumu ya mkanda, zionyeshe mkanda mpya utakapokaa, kwa ile rangi nyeupe ya kufutia makosa ya kalamu, kwa sababu alama za kiwandani zimelika siku nyingi. Akautoa mkanda wa zamani, akaniambia, "Gwe, wewe, usiguse kitu mpaka nirudi." Akaenda dukani kutafuta mpya.

Mimi kukaa tu? Mimi! Injini ilikuwa chafu mpaka inatia kinyaa. Nikachukua petroli na brashi, nikasugua. Jamani, puli ziling'aa! Hata picha nilipiga. Nilipokuwa naangalia ile picha ndipo nikaona hakuna alama. Nimezisugua zote.

Fundi alirudi, akakuta lori linamsubiri. Akanirushia mkanda. "Funga, unajua."

Sentensi moja tu ilitakiwa pale! Fundi, nimefuta alama zako. Basi. Sikusema. Nikakadiria kwa macho, nikafunga. Kuna sheria ya kuzungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kabla ya kupiga starta, ujue kama imekaa sawa. Nayo nikairuka.

Tukapiga starta. Inazunguka, haiwaki. Tena. Haiwaki.

Akaitwa Shabani, fundi umeme wa hapo hapo gereji, kijana wa watu mpole mpaka anakera. Asubuhi ile ile alikuwa ametengeneza taa za mbele za hiyo pikapu. Akachomoa plagi, moto upo. Akalegeza bomba, mafuta yanafika. Akasema tupige starta, akainamisha sikio.

"Mnasikia inavyozunguka nyepesi? Hii injini haibani hewa. Mimi naona ni taiming."

Fundi akanigeukia. "Ulifuata alama zangu?"

"Nilifuata, Fundi."

Hilo ndilo kosa la pili. Maneno mawili tu!

"Basi," Fundi akasema. "Huyu binti hajawahi kunidanganya. Gwe Shabani, ulivyochokonoa waya za taa uligusa nini kingine?"

"Fundi, taa na taiming wapi na wapi?"

Muuza matairi wa jirani akadakia, "Shabani, wewe hata redio yako haiongei mpaka uipige kofi!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka! Sijui kwa nini nilicheka.

Fundi akamwambia akusanye vyombo vyake, aliyeharibu gari ya mteja hafai. Shabani hakugombana. Akafunga begi, akaniangalia mimi, si Fundi. Alijua. Akasema, "Haya, binti. Kazi njema."

Muda wote huo bibi alikuwa amekaa mbele kwenye pikapu, kitenge kipya, kilemba, mkoba mapajani. Kila starta ikipigwa anashika dashibodi kama tunaondoka. Saa nane Mama Upendo akakata tamaa, akakimbilia basi peke yake. Tukamshusha bibi tukambeba. Akanishika hii mikono ya grisi, akaniambia, "Ndaga, asante mwanangu. Umehangaika sana."

Nilitamani anizabe kofi!

Sasa hivi Iringa labda wanakula pilau. Bibi yuko kwake, ameshavua kitenge. Shabani hana pa kufanyia kazi. Na Fundi amepanga kesho saa mbili kuivuta pikapu kwa lori, iwake kwa gia. Ikivutwa hivyo, valvu zilizobaki nzima zitakwisha zote.

Tusekile anasema, "Watasema si tuliwaambia, mwanamke na injini!" Waseme! Mwanaume akikosea anaambiwa amekosea. Na mimi niambiwe nimekosea, halafu nipewe spana nirekebishe. Lakini msichana anayekaa kimya huku mwenzake anafukuzwa, huyo ndiye anayetuharibia.

Wewe unayejifunza kazi yoyote ile, ukifuta alama, sema hapo hapo, hata kama mkono bado una petroli. Baada ya lisaa limoja tayari ni uongo, na uongo unatafuta mtu wa kumwangukia.

Kesho naamka kabla Tusekile hajaanza maneno. Napita kwanza kwa Shabani, nimwombe msamaha mlangoni kwake, nimwombe aje. Saa moja niko gereji, nafungua kifuniko cha mkanda mwenyewe, na namwita Fundi, muuza matairi, na dereva wa lori waje waone puli zinavyong'aa. Halafu nitasema ile sentensi yangu.

Na kabla sijaimaliza, hakuna atakayefunga kamba kwenye ile pikapu.