Kitanda cha Kukaangia Busaa

Mume wangu alikuwa hajamaliza mwaka kaburini kaka yake alipokuja kunieleza kwamba yeye ndiye atakayenirithi. Hakuja kuniuliza. Aliketi kwenye kiti cha marehemu, akakitazama kitanda cha chuma kilichoonekana kupitia mlango wa chumbani, akasema kitanda kizuri kama kile hakifai kulaliwa na mtu mmoja. Nilimwambia sitaki. Nilisema taratibu na kwa heshima, maana alikuwa shemeji yangu mkubwa, tena naibu wa chifu katika sehemu yetu ya Rangwe. Aliinuka, akavaa kofia yake ya serikali, akaondoka bila kumaliza uji niliompa.

Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Niliishi kwa kupika busaa, kazi niliyofundishwa na mama yangu kule bonde la Lambwe. Kwetu mke huitwa kwa mahali alikozaliwa, kwa hiyo mimi nilikuwa Nyar Lambwe, binti wa Lambwe, na wanywaji walilitamka jina hilo kama jina la pombe yenyewe. Shemeji aliinywa miaka yote ndugu yake alipokuwa hai, na hata siku moja hakukumbuka kwamba kupika bila kibali ni kosa. Alikumbuka baada ya mimi kumkataa.

Unga wa busaa hukandwa ukaachwa uchachuke, halafu hukaangwa juu ya bati pana mpaka ugeuke rangi ya kahawia, ndipo uchanganywe na maji na kimea cha wimbi. Kukaanga ndiko kwenye taabu. Moto wake ni mkubwa, kuni ni nyingi, na moshi hupanda mnene hivi kwamba mtu aliye kilima cha pili anajua ni nani anapika. Shemeji alikaa barazani kwake juu ya kilima, akauona moshi wangu, akashuka na askari kanga wa chifu. Wao walimwaga unga. Yeye alichukua chungu alichonipa mama yangu siku niliyoolewa, akakiinua hadi kifuani, akakiachia juu ya jiwe.

Majirani walikuwa wamejaa uani. Akaniambia, kwa sauti ya kuwafikia wote, "Mwanamke asiye na mume hana wa kumtetea, Nyar Lambwe. Fikiria."

Nilifikiria. Nilifikiria nikiokota vigae, na nilifikiria kila aliporudi, maana alirudi kila nilipowasha moto. Nilijaribu kukaanga mvua ikinyesha. Nilijaribu kuni zilizokauka hadi zikawa nyepesi kama mabua. Moshi uliendelea kunichongea. Watoto wangu wakaanza kula mboga bila ugali, na mimi nikaanza kuota ndoto za shemeji akiwa amepiga magoti.

Nikaenda kufua nguo Homa Bay, kwa mama mmoja Mhindi ambaye mumewe alikuwa na duka karibu na gati. Siku ya kwanza nilipoingia jikoni kwake nilisimama na kikapu cha nguo kichwani nikasahau kukitua. Alikuwa anapika kwa moto wa buluu uliotoka kwenye jiko la bati lenye macho matatu, lililounganishwa kwa mpira na mtungi wa gesi. Sikuangalia sufuria. Niliangalia dari. Ilikuwa nyeupe, haina hata doa la masizi.

Familia ile ilipoamua kuhama nchi, yule mama aliniuliza nachukua kitu gani cha kumkumbukia. Nadhani alitegemea nitaje kitambaa au bangili. Nilimwambia nataka jiko na mtungi wake. Alicheka sana, akasema nitaunguza nyumba, lakini akanipa, na akanionyesha pale gatini mahali ambapo mitungi mitupu ilipakiwa melini kwenda Kisumu na kurudi imejaa.

Lile jiko lilitosha birika, halikutosha bati la kukaangia. Nilihitaji fremu ndefu ya chuma ya kubeba bati, na moto usambae chini yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilizunguka na wazo hilo siku kadhaa, mpaka jioni moja nikiwa nimekaa kitandani nikaweka mkono juu ya chuma cha pembeni. Kilikuwa kirefu na imara. Kesho yake nilikipakia kitanda cha marehemu kwenye mkokoteni wa ng'ombe, nikaupeleka Oyugis kwa mtoto wa mjomba wangu, fundi wa kuchomelea vyuma.

Binamu yangu alikizunguka kile kitanda, akakataa. Alisema mtu hakati kitanda cha marehemu, ni mkosi.

"Kata," nikamwambia. "Afadhali kiwake moto kuliko alale yule."

Alinitazama usoni, kisha akachukua msumeno. Alitoa spring za katikati, akaweka nondo za kulalia bati. Alikongoa macho matatu ya lile jiko, akayapanga kwa mstari chini ya nondo na kuyaunganisha kwa bomba moja, kila jicho na bilula yake. Pembeni akafunga vipande vya bati kuzuia upepo. Kwa kimo kile ningeweza kukaa kwenye kigoda na kugeuza unga bila kuinama.

Tulipowasha mara ya kwanza, moto uliruka kutoka kwenye kiungo cha bomba ukala nyusi zangu zote. Binamu alifunga mtungi na kusema tuache, yeye hataki kumzika dada yake. Nilikataa kuacha. Nilijipaka mafuta usoni, nikampa sabuni. Alipaka povu kila kiungo, akafungua gesi kidogo, na pale palipotoa mapovu akapaweka alama. Alifunga gesi, akaupeleka mtungi mbali nje, akapachomelea upya. Mara ya pili macho yote matatu yaliwaka buluu, sawasawa, yakinong'ona. Nilikaa nikiyatazama kwa furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu msiba.

Nikarudi nyumbani nikakaanga busaa chumbani, mlango na madirisha wazi, na hakuna hata uzi wa moshi uliotoka. Wanywaji walirudi mmoja mmoja. Shemeji alikaa barazani kwake akikodoa macho, asione kitu. Mara nyingine alishuka akapitapita nyuma ya ua wangu akinusa. Harufu aliipata, lakini mbele ya mkubwa wake hangeweza kusema amekamata harufu. Nilimwamkia kwa adabu kila alipopita. Kazi yangu ilipoisha nililaza jamvi juu ya zile nondo na blanketi lililofika hadi chini, nikausukuma mtungi ndani ya kapu kubwa la wimbi, na chumba kikawa chumba cha mjane.

Lakini kumkwepa hakukunitosha. Nilitaka avunjiwe kama alivyonivunjia, watu wakiwa wamejaa uani.

Nafasi ilikuja binti yake alipopata mchumba. Wakwe walikuwa waje kuzungumza habari za ng'ombe wa mahari, na wakwe hawakaribishwi kwa chai. Mama mkwe, ambaye ni mama yake shemeji na aliyekuwa akinipenda mimi kuliko yeye, alinipasha ni siku gani mke mkubwa wa shemeji angekaanga unga. Nilimaliza pombe yangu mapema nikaificha kwenye nyumba ya bibi huyo. Kisha nikamweleza kwa siri jirani mmoja, mwanamke asiyeweza kunyamaza, kwamba siku ile ile nitapika busaa nyingi kupita zote.

Neno likamfikia shemeji, akalimeza. Moshi wa nyumbani kwake hakuufikiria, maana miaka yote hakuna aliyethubutu kuuuliza. Alikwenda mwenyewe Homa Bay kumwita ofisa mpya wa tarafa, kijana mkali aliyetaka kujulikana kwa kupiga vita pombe, akamleta hadi uani kwangu pamoja na askari. Majirani wakaja. Walipekua jikoni wakakuta mafiga yamepoa. Ofisa aliingia chumbani, akaona kitanda kimetandikwa, akatoka akiwa amekasirika.

"Mama, unapikia wapi pombe?" akaniuliza.

"Bwana mkubwa, pombe haipikwi bila moto," nikasema. "Moto wangu hakuna. Kama ni moshi wa kukaangia mnaoutafuta, ule pale."

Nikanyoosha mkono. Juu ya kilima, nyuma ya nyumba ya shemeji, moshi ulikuwa umesimama mnene na mweusi. Shemeji alisema ni chakula cha mchana tu. Sauti yake haikufika mbali. Ofisa alipanda kilima, shemeji akimfuata nyuma, na umati wote ukamfuata yeye. Mimi nilipanda pia. Nilisimama mbele kabisa askari walipogeuza bati na kuvunja vyungu, na ofisa alipomuuliza mbele ya watu wake kama ile kofia aliiokota. Nilihesabu kila chungu kilivyolia.

Wakwe walikuja kabla shemeji hajapata unga mwingine wa kuchachua. Mke wake mkubwa alinijia akilia, akaomba nimwokoe binti yake na aibu. Yeye hakuwahi kunikosea, na binti hakuwa na hatia. Nilimwambia pombe ipo, ila nitaibeba na kuigawa mwenyewe.

Niliingia na chungu mbele ya wakwe wote, nikakiweka katikati, nikamimina maji ya moto. Nikatoa mirija, nikampa mkwe mkubwa wa kwake, nikampa ndugu yake, nikawapa wazee wa ukoo wetu kila mmoja. Shemeji alikuwa amenyoosha mkono. Nilimpita nikakaa chini.

Mkwe mkubwa alitoa mrija mdomoni, akauliza mbona mwenye nyumba hanywi.

"Naibu wa chifu hanywi pombe ya magendo," nikasema. "Yeye ndiye anayetuvunjia vyungu."

Hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa tamu kuliko kicheko. Alikaa mchana kutwa nyumbani kwake na midomo mikavu, akitazama wageni wakivuta na kuisifu pombe ya Nyar Lambwe. Hangeweza kunifukuza, maana chungu kingeondoka na mimi. Ng'ombe walikubaliwa. Binti aliolewa vizuri.

Hakukanyaga tena uani kwangu, wala habari ya kurithi haikutajwa. Alivuliwa kofia baada ya muda, kwa makosa yake mengine, na akazeeka akiwa mtu wa kukaa barazani. Wakati mmoja tulikutana njiani nikitoka gatini. Akanisalimu, kisha akauliza, kama mtu aliyejizuia kwa muda mrefu, nilikuwa nakaangia nini unga wangu.

Nilimwambia asalimie nyumbani, nikaendelea na safari yangu.