Baada ya Kushinda Kesi ya Kodi

Mwenye nyumba alipotupandishia kodi bila notisi, mimi ndiye niliyewakokota majirani hadi kwenye baraza la kodi. Tukashinda, na kodi ikarudi ilivyokuwa. Yeye hakubisha. Tulipotoka nje alinipa mkono, akasema kwa upole, "Mama, pesa yangu nitaipata tu." Nikajiona mjanja.

Wiki iliyofuata malori yalimwaga mchanga na kokoto mbele ya ploti yetu ya kupanga, hapa mtaani Huruma. Alikuwa anaongeza ghorofa ya nane juu ya saba zetu. Nilimfokea msimamizi wake wa ujenzi, nikamuuliza ni nani aliyepima kama nguzo zitaubeba uzito huo. Akawaamuru vijana wake waendelee kupakua.

Jana, ghorofa ya nane ikiwa imeshasimama, mlango wangu ulikataa kufunga. Fremu imepinda, na ufa umepanda ukutani hadi darini. Jirani alinikuta nikiusukuma, akanishukuru tena. Bila mimi, alisema, angekuwa ameshahama.