Silinda Hedi ya Pikapu ya Baba

Mwezi uliopita gari langu lilichemka karibu na Bunda, ndugu yangu. Fundi wa pale barabarani alichomoa kijiti cha kupimia oili akanionyesha: oili ilikuwa imegeuka rangi kama chai ya maziwa. Akaanza kunieleza kwamba maji yameingia kwenye oili, kwamba itabidi silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ifunguliwe. Nilimwambia najua. Nilijua tangu nikiwa msichana wa miaka kumi, na niligeukia pembeni ili asione macho yangu.

Tulikaa Buhare, pembeni mwa mji wa Musoma, wakati nyumba zilikuwa chache na mawe mengi. Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya kijani. Msimu wa pamba ilibeba marobota kutoka Nyamuswa. Siku nyingine ilibeba wagonjwa, maharusi na magunia ya dagaa. Jirani yetu alikuwa fundi, mzaliwa wa Nyamuswa, asiye na mke wala mtoto, na kila Jumamosi alishinda uani kwetu. Siku hiyo mama alisonga ugali mkubwa zaidi wa muhogo, akakaanga furu, vile visamaki vya ziwani vyenye miiba mingi. Baba na fundi walikula sahani moja, wakiitana mura kama wanaume wa kwetu wanavyoitana, na mara nyingi hawakuzungumza lolote. Bibi alikuwa akisema, mtu unayeweza kunyamaza naye huyo ni ndugu.

Mwaka ule, pamba ikianza kupasuka shambani, pikapu iligoma. Wakaamua kuifungua injini yote wenyewe. Fundi alitoboa matundu kwenye kipande cha boksi, akachomeka bolti za silinda hedi kwa mpangilio uleule zilivyokaa kwenye injini. Akanikabidhi mimi, pamoja na beseni la mafuta ya taa. Aliniagiza nisafishe mojamoja, na kila moja niirudishe kwenye tundu lake. Lakini wenzangu walikuwa wananiita twende ziwani kuchota maji, na kuchota maji maana yake ilikuwa kuogelea. Nikazimwaga zote beseni­ni, nikazisugua upesi, nikazichomeka popote. Machoni pangu zilifanana.

Injini ilipofungwa iliwaka, mama akapiga vigelegele. Haikuchukua muda, maji ya rejeta yakaanza kutoa mapovu, dalili kwamba hedi haijaziba, na oili ikageuka kama chai ya maziwa. Wakaifungua upya. Fundi akasimamisha rula ya chuma juu ya uso wa hedi, akachungulia kama mwanga unapenya chini yake. Haukupenya, hedi haikuwa imepinda. Wakakwangua mabaki ya gasketi inayoziba chini ya hedi, wakaweka mpya, wakabana kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogokidogo. Mapovu yakarudi. Mara ya tatu vilevile. Na kila walipozitoa bolti, walizirudisha kwa uangalifu mkubwa kwenye mpangilio wangu mbovu.

Mara ya pili ile nilishaanza kuhisi kwamba ni mimi. Kwanza niliogopa fimbo. Baadaye niliogopa muda niliokuwa nimeshanyamaza.

Marobota yalikuwa yanalala Nyamuswa, wenye pamba walikuwa wanatuma watu kuuliza, na baba alikuwa amebadilika. Jumamosi moja, mbele ya majirani, alimwambia fundi, "Kumbe miaka yote nilikuwaga namsifia mtu asiyejua kazi." Fundi alifuta spana zake moja baada ya nyingine, akazifunga kwenye turubai, akaondoka. Wiki hiyohiyo alihama kurudi kwao.

Baba alibaki na injini peke yake. Siku ya tatu alizipanga bolti juu ya jiwe, zote zimesimama, na hapo akaona. Nne zilizidi nyingine urefu kwa upana wa kucha. Zikiwekwa kwenye matundu mafupi, zilifika chini kabla ya kukandamiza hedi, na mkononi ukadhani zimebana. Akaniita. Nikasema ni mimi. Hakunipiga. Alikaa chini palepale kwenye oili mpaka chakula kikapoa.

Pikapu ilipopona, safari yake ya kwanza ilikuwa Nyamuswa, mimi nikiwa nimekaa mbele. Tulimkuta fundi kwa mama yake, anatengeneza jembe la kukokotwa na ng'ombe. Nilipiga magoti nikaomba msamaha. Alininyanyua.

"Wewe ni mtoto, mama. Mtoto hukoseaga," aliniambia. Kisha akamtazama baba. "Aliyeniumiza ni mtu mzima, tena ananijua."

Baba akasema, "Nimekosa, mura."

Fundi alisema ameshasamehe. Tulipewa uji wa mtama na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tukala, tukaagwa vizuri. Lakini Buhare hakurudi tena. Baba alipeleka salamu kila msimu wa pamba, na kila mara zilirudi salamu nzuri, bila mtu.

Tulipomzika baba kwao Butiama, nilimwona fundi kati ya wachimba kaburi, ameshaota mvi. Alichimba zamu yake, akasimama kidogo pembeni ya udongo, akaondoka kabla ya chakula. Nilimkimbilia mpaka barabarani. Alikuwa ameshapanda bodaboda.

Sasa uani kwetu Buhare pamejengwa vyumba vya kupanga, na sina wa kumuuliza pikapu iliishia wapi. Gari langu likiharibika napiga simu, fundi anakuja, anamaliza, anaondoka, na simjui hata kwao. Baba aliishi miaka mingi baada ya siku zile. Jumamosi alikula peke yake, na mama hakuwahi tena kusonga ule ugali mkubwa. Hakuna aliyenilaumu. Ingekuwa heri wangenilaumu.