Mshale Ndani ya Tedi

Katika miaka yake arobaini na sita Nzembi amesema uongo mmoja wa maana, nao ulikuwa wa neno moja. Ule mwingine wa kila siku, kama kumwambia mume chakula kiko karibu kuiva hali jiko halijawashwa, hauhesabiki. Huo ni wa kutunza ndoa.

Alijifunza cherehani kwa shangazi yake huko Mwala, akaolewa na fundi wa mawe aitwaye Kaloki, wakahamia Kitengela wakati ploti zilikuwa bado na swara. Kwa miaka kumi na tisa alishona majoho ya kwaya. Kwaya za Kitengela ni nyingi kuliko mabomba yenye maji, na kila moja hutaka mahameli nyekundu kuliko ya jirani. Mahameli ina siri yake: ukikata manyoya yakitazama juu, rangi hukolea, yakitazama chini, hufifia. Nzembi alikata majoho yote manyoya yakipanda. Hakuna mwanakwaya aliyelalamikia rangi, na wanakwaya hulalamikia kila kitu.

Kisha makanisa yakaanza kununua majoho yaliyoshonwa tayari, naye akaajiriwa na Waruguru, anayetengeneza tedi, wale dubu wa kuchezea, katika chumba nyuma ya duka la mabati kwenye barabara ya Namanga. Si tedi za kubebwa na mtoto sokoni. Hizi ni za mohair, kitambaa cha nywele za mbuzi wa Angora, ndefu na zenye kung'aa, na hununuliwa na watu wazima wa ng'ambo ambao huziweka kabatini na kumkataza mtoto kuzigusa.

Sheria ya mohair ni moja: manyoya ya tedi hulala kuelekea chini, kutoka kichwani hadi miguuni, kama ya mnyama yeyote aliyeumbwa vizuri. Anayejua manyoya yanalalia wapi pale kazini ni Khadijo, binti wa Burale muuza mbuzi. Hupitisha mgongo wa mkono juu ya kitambaa, hukipindua, kisha huchora mishale kwa kalamu huku na huku kwenye upande usio na nywele. Halafu hupanga vipande vya kadibodi vyenye umbo la tedi, kila kimoja na mshale wake, na mishale yote sharti itazame upande mmoja. Nzembi ndiye hukata, kwa makasi madogo, akipenyeza ncha chini ya nywele ili asizinyoe.

Siku ya makosa ilikuwa katika wiki ya pili ya Ramadhani. Adhuhuri Khadijo alienda kusali, huku miili ya tedi sita ikiwa bado haijapangwa. Nzembi aliona asikae bure. Akachukua kadibodi, akaitazama mishale ya msichana, na mkono uliozoea kwaya ukamwambia rangi hii itafifia. Akavigeuza vipande vyote kichwa chini, miguu juu. Aliamini anasaidia. Khadijo aliporudi alikuta kila kitu kimekatwa na kufungwa, akasema, "Ahsante, Mama Musau," na Nzembi akajibu kwamba hiyo si kitu.

Baada ya siku tatu tedi zilikuwa zimejazwa pamba na kusimamishwa mezani. Vichwa vilikuwa sawa, lakini kuanzia shingoni kwenda chini nywele zilipanda juu, kama za mtu anayeburutwa kwa miguu. Lemein, mlinzi wa lango, aliyechunga ng'ombe Kisaju kabla hajachunga mabati ya watu, aliingia kuomba maji ya moto, akasimama.

"Hii mnyama inaenda nyuma," alisema.

"Ni dubu, Lemein," alisema Waruguru.

"Hata kama ni dubu. Hii ikinyeshewa, maji inaingia ndani."

Akachukua maji yake akaenda. Waruguru alipitisha kidole juu ya tumbo la tedi, mara mbili, akamgeukia Nzembi.

"Ulifuata mshale?"

Hapo ndipo lilipotoka lile neno moja.

"Nilifuata."

Angesema, "Nimekosea, nilidhani ni kama mahameli," Waruguru angefoka hadi saa ya chai na mambo yangeisha. Lakini Nzembi ni shemasi wa kanisa lake, na watu wa namna hiyo hawajazoea kukosea mbele ya wengine. Kabla hajaongeza kitu, Khadijo aliongea.

"Basi ni mimi, Madam. Niko na saumu, kichwa imekuwa nyepesi. Nimechora vibaya."

Aliamini hivyo kweli. Kama mkataji amefuata mshale na nywele zimepanda, basi mshale ndio mbaya. Waruguru aliziweka zile tedi sita kwenye rafu ya juu ziwe funzo, akatoa amri: kuanzia leo kila mshale wa Khadijo utakaguliwa na Nzembi.

Hivyo mwongo akafanywa mkaguzi, jambo ambalo katika nchi hii halingemshangaza mtu. Lilimshangaza Nzembi. Kila asubuhi Khadijo alimletea kitambaa kwa mikono miwili.

"Niangalilie, Mama Musau. Siamini mkono wangu tena."

Nzembi aliangalia. Mshale ulikuwa sawa. Kesho yake ulikuwa sawa. Haukuwahi kukosa kuwa sawa, na kila alipotamka "uko sawa" lile neno lake la kwanza lilizidi kuwa refu. Alianza kuepuka rafu ya juu. Jumapili alipitisha kikapu cha sadaka kanisani na kuruka safu mbili nzima, na waliorukwa hawakulalamika.

Kisha Khadijo, aliyekuwa akiujua upande wa nywele akiwa amefumba macho, akaanza kupapasa kitambaa mara tano, mara sita, na kufuta mshale mzuri ili auchore upya palepale ulipokuwa. Jumatano ya mwisho ya mfungo alisema taratibu, akikunja kitambaa, "Baada ya Idd sirudi. Ndugu yangu Abdikadir anataka mtu wa kuuza dukani. Sukari haina upande wa kulala."

Nzembi alipofika nyumbani alimweleza mumewe yote. Kaloki alisikiliza mpaka mwisho, akitoa simenti kwenye kucha.

"Kwa hivyo ni wewe."

"Ni mimi, Baba Musau."

"Na anaacha kazi sababu yako."

"Ndiyo."

"Mimi nikijenga ukuta umepinda," alisema Kaloki, "siendi kumwambia jirani macho yake ndiyo imepinda." Akauliza chakula kiko wapi. Kilikuwa karibu kuiva.

Asubuhi iliyofuata Nzembi alipanda kiti, akateremsha tedi mmoja kutoka rafu ya juu, akamlaza mezani mbele ya Waruguru na Khadijo, akaanza kumfumua mgongo.

"Mama Musau, unafanya nini?" aliuliza Waruguru.

Nzembi alitoa pamba yote, akaligeuza lile ganda ndani nje. Mshale wa Khadijo ulikuwa pale, mweusi, ukitazama shingoni. Akaligeuza tena. Nywele nazo zilitazama shingoni.

"Mshale na manyoya zinaenda pamoja," alisema. "Alichora sawa. Mimi ndiye niligeuza kadibodi, nikikata kama majoho. Ukaniuliza, nikakudanganya."

Waruguru alitazama rafu, kisha ganda, kisha Nzembi. Hakufoka, na Nzembi angeona afadhali angefoka. Alisema tu, "Utajaza pamba. Khadijo atapanga na kukata."

Khadijo alilichukua lile ganda. Alipitisha mgongo wa mkono juu ya nywele, mara moja tu, akatikisa kichwa.

"Wiki mbili," alisema. "Nilimwambia hata baba mkono umeharibika. Alinipeleka sokoni nikapapase mbuzi."

"Nisamehe, Khadijo."

"Niko na saumu," alisema Khadijo. "Siwezi kusema yenye nataka kusema."

Baada ya Idd alirudi. Alileta halua kwenye karatasi, akawagawia wote, na kipande cha Nzembi hakikuwa kidogo kuliko vingine. Nzembi alivipima kwa macho. Wanasalimiana. Wanaulizana habari za watoto na maji. Khadijo hamletei tena mtu kitambaa akikague, na mishale yake huichora mara moja.

Ila adhuhuri ikifika, anapoenda kusali, huvikusanya vipande vyote vya kadibodi, huvifunga kwa uzi, na kutoka navyo vikiwa kwapani. Nzembi huinama akajaza pamba.