Kofia Aliyoichukua Mtani

Leo nimefungua sanduku la baba. Kofia yake ya pama bado inanuka jasho na mafuta ya nazi, nami nikajiona tena msichana mdogo wa Tabora, asubuhi ya kura, enzi za Mwingereza.

Baba, mwalimu wa misheni, alikuwa amegoma kupiga kura. Karatasi ilimtaka achague watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mhindi, naye alimtaka Mwafrika tu. Mama alimbembeleza, mchungaji akaja, wapi!

Ndipo akaingia fundi cherehani wa mtaani, Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu. Akaitungua kofia ukutani, akaivaa.

“Utaipata ukishapiga kura, mbeba pembe we!”

“Nirudishie, mla nazi!” Baba alifoka, lakini tayari alikuwa anacheka. Mtani akichukua chako, huna pa kumshtaki.

Tukaenda sote bomani, baba kichwa wazi. Alipotoka, fundi alimvika kofia kwa mikono miwili.

“Enhe, ndani kukoje?”

Fundi mwenyewe hakuruhusiwa kuingia. Hakuwa na shule wala kipato kilichotakiwa kwa mpiga kura. Baba akamshika mkono, akamsimulia ya ndani njia nzima, hata rangi ya penseli ya kupigia kura.