Kaskedi ya Tirza

"Kaskedi, Kaskedi! Jina hilo likishatajwa, mali yangu imezama!" Tirza alifoka, mikono kiunoni, katikati ya gati la Kaskedi, pale pale ambapo wanaume walikuwa wanajaribu kufanya kazi. "Ngoja kesho, shemeji. Bahari ikitulia, ulishushe jiwe kule gati la Kingston, kama watu wenye akili zao."

"Meli haingoji, shemeji," Parkin alijibu bila kumtazama. "Kesho imeshaondoka, na jiwe la kaburi la Gustav limo tumboni mwake. Unataka mumeo alale chini ya nyasi tupu mwaka mwingine?"

Tirza akafyonza. Neno lilimwingia.

Kisiwani Norfolk meli haifungi gatini. Hukaa nje, matishari yakaenda kuchukua mizigo. Parkin ndiye anayeamka alfajiri kuyasoma mawimbi na kuchagua gati, Kingston au Kaskedi. Redio ikisema "Kaskedi," basi, kila mtu ana yake. Mwenye duka husikia viazi na vitunguu. Wazee husikia uvundo wa nyangumi waliokuwa wakichunwa pale zamani. Wanaochumbiana husikia kijiporomoko kile cha juu ya gati, chenye maji kama ya birika linalomiminwa, ambacho ndicho kilichokuwa na jina hilo kabla ya wote.

Tirza alisikia cherehani.

Ilikuwa ya miguu, mpya, jasho la kusuka kofia za maganda ya mgomba mpaka vidole vikachubuka. Siku ilipofika Kaskedi, Parkin aliashiria winchi ivute wakati tishari linashuka na wimbi, badala ya kungoja lipande. Kamba ikashtuka, sanduku likachomoka, bahari ikameza. Angesema pole akanyamaza, yangekwisha. Lakini wanaume! Akaongeza, "Sasa samaki watashona."

Tirza akaapa kwamba Parkin hataonja pilhi yake mpaka alipe cherehani. Na pilhi ya Tirza, ndizi za kukunwa zikaokwa mpaka zikakolea rangi, haikuwa na mfano kisiwani. Kila karamu sahani ilimruka Parkin kama ana ukoma. Barabarani alimpungia, kwa kuwa kule hata adui hupungiwa, ila kwa kidole kimoja, kama anayefukuza nzi. Gustav alicheka tu, akawa anamfichia binamu yake Parkin kipande mfukoni.

Gustav alipofariki, wanaume walikuja kuchimba kaburi kama ilivyo desturi, bila kuitwa wala kulipwa. Parkin alikuwa wa kwanza kuingia shimoni na wa mwisho kutoka. Tirza alimwona. Jioni ile sahani ikamruka tena, na usingizi ukamruka yeye.

Sasa tishari lilikuwa chini ya gati, likipanda na kushuka, sanduku la jiwe katikati yake. Parkin akamwachia mwenzake kazi ya kuashiria, akashuka ngazi mwenyewe, akasimama kando ya sanduku na kushika kamba.

Wimbi likaja, akatikisa kichwa. Likaja jingine, akatikisa.

"Parkin, unashusha mzigo au unalea mimba?" mtu wa winchi alipiga kelele. "Tuna njaa huku!"

"Kaa na njaa yako!"

Bahari ikamlowesha mpaka kofia. Tirza alikuwa ameuma ncha ya kitambaa chake. Kisha tishari likapanda, likafika juu kabisa, likatulia kidogo, na mkono wa Parkin ukainuka. Sanduku likaondoka taratibu kama mtoto anayetolewa kitandani, likatua gatini bila kishindo.

Wakang'oa mbao. Jiwe lilikuwa zima. Jina la Gustav, na chini yake neno moja: Kaskedi.

Parkin alilitazama, maji yakimchuruzika puani. "Kaskedi ipi, shemeji? Gati hili? Nyangumi?"

"Aliniposa pale juu, kwenye kijiporomoko, na unajua. Si wewe uliyewekwa njiani umcheleweshe baba yangu?"

"Nikapigwa bakora kwa ajili yenu."

"Ulistahili."

Akaenda kwenye gari lake, akarudi na bakuli lililofunikwa kwa jani la mgomba. Alikuwa ameoka pilhi alfajiri, redio ilipotangaza, kabla hajajua kama angeitoa. Akamsukumia kifuani.

"Kula kabla sijabadili nia."

Parkin alilishika bakuli kwa mikono miwili. "Na cherehani?"

"Waachie samaki," Tirza alisema. "Washone."