Macho ya Mwalimu Redio

Wanafunzi walimwita Redio, na jina hilo alilipata kwa haki. Shule yetu haikuwahi kuwa na mashine ya kutoa sauti iliyomaliza muhula. Zilizoletwa ziliharibika, au zilitembea kwa miguu yao wenyewe mpaka nyumbani kwa mtu. Kwa hiyo mtihani wa kusikiliza Kiingereza aliusoma yeye. Alisimama mbele ya darasa, akashika karatasi kwa mikono miwili, akasafisha koo, akasoma habari mara ya kwanza kwa mwendo wa kawaida na mara ya pili polepole. Kisha watoto wakajibu maswali. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo na safi, na ukipita koridoni ungedhani taarifa ya habari iko hewani.

Mimi nafundisha hesabu. Meza yangu na yake ziliegemeana katika chumba cha walimu, chumba chenye dirisha lisilofungika na kabati lililojaa madaftari ya watoto ambao sasa ni wazazi. Aliniita Hesabu, nami nilimwita dada, kwa kuwa alinizidi umri na alinizidi subira. Subira hasa. Mimi mtoto akirudia kosa lile lile napandisha, sauti inafika hadi jikoni. Yeye angerudia sentensi moja mpaka chaki ikaishia vidoleni.

Kupima kusoma alikuwa na njia yake. Aliwagawia ukurasa, akawaacha wasome kimya, kisha akawaamuru waugeuze kifudifudi na wamweleze walichosoma kwa maneno yao. Aliyekuwa ameelea juu juu alijulikana pale pale. Kwa kusikiliza hakuwa na njia kama hiyo. Alikuwa na alama tu, na alama zilikuwa nzuri, nzuri kupita hata zile za kusoma, mwaka nenda mwaka rudi. Mkuu wa shule alitamba nazo kila kikao cha wazazi. Hakuna aliyejiuliza inawezekanaje mtoto ayaelewe maneno yanayopita hewani kuliko yale yaliyotulia kwenye karatasi. Sote tulipiga makofi tukaenda kunywa chai.

Nyumbani alikuwa na mtoto mmoja, na hakumzaa. Mdogo wake alifariki akaacha binti aliyekuwa bado ananyonya kidole, Redio akamchukua. Sote tulimwita Sindano. Tangu akiwa mdogo alidunga miiba chochote alichokipata: mwanasesere, mto, na siku moja mkono wangu mimi mgeni, kisha akanipuliza pale aliponichoma na kuniambia nimepona. Alitaka kuwa muuguzi, wala si kutaka kwa mdomo. Chuo cha uuguzi kilikwisha kumkubali kwa sharti kwamba afaulu Kiingereza kwenye mtihani wa mwisho, kusoma na kusikiliza. Kukosa kimoja ni kukosa vyote. Redio alimnunulia viatu vyeupe mapema. Vilikaa juu ya kabati ndani ya boksi lake, na Sindano alikuwa akivishusha kufuta vumbi ambalo halikuwepo.

Mwaka huo, Sindano akiwa kidato cha mwisho shuleni kwetu, ndipo sehemu ya kusikiliza ilipoingizwa kwenye mtihani wa mwisho kwa mara ya kwanza. Msimamizi alitoka mbali akiwa na bahasha zilizofungwa na spika ndani ya begi. Spika ikakoroma maneno mawili, ikanyamaza. Akaipiga kofi, akatoa betri, akairudisha. Kimya. Kanuni zilikuwa zimeliona hilo kabla yake. Kulikuwa na bahasha ya akiba yenye habari yenyewe, isomwe kwa sauti na mwalimu wa somo. Habari tu. Maswali yalikuwa kwenye karatasi za wanafunzi, na msomaji hakuruhusiwa kuyaona.

"Niitieni mwalimu wa Kiingereza," msimamizi akasema.

Darasa zima likatabasamu. Nilikuwa mlangoni na viti viwili vya ziada mikononi, nikaliona tabasamu lile, nikadhani wamefurahia sauti waliyoizoea. Nikashuka zangu ngazi. Nyuma yangu Redio alikuwa amekwisha kuanza, na alisoma vizuri kuliko siku zote.

Matokeo ya shule zote yalitoka, ya kwetu hayakutoka. Badala yake walikuja maofisa wawili wa mitihani, mmoja mwenye tai na mwingine mwenye kuitikia. Mkuu wa shule aliniita ofisini niandike yatakayosemwa. Redio alikaa kwenye kiti cha wazazi, kile kifupi.

"Darasa lako limekosea," mwenye tai akamwambia. "Kukosea si ajabu. Ajabu wamekosea kwa pamoja. Mkulima wa kwenye habari alitaka kupanda basi, akakuta limejaa, akaenda mjini kwa baiskeli. Swali linauliza alikwenda kwa njia gani. Darasa zima, basi. Maziwa yake hospitali waliyakataa, akaenda kuyauza hotelini. Swali linauliza aliyauza wapi. Darasa zima, hospitali. Mwalimu, watoto hawakosei kwa umoja namna hii mpaka wapewe."

"Ningekuwa nimewapa majibu, ningewapa ya uongo?" Redio akauliza.

"Uliwapa uliyoyakisia. Maswali hukuyaona."

"Aliyakisia," akaitikia yule wa pili.

Nilimtazama mkuu wa shule, yule yule wa kutamba na alama. Alikuwa anakagua kucha zake. Nilitamani kumpa kazi nyingine ya kukagua.

Mwenye tai akafunga faili. Alisema njia ni mbili. Mwalimu akikubali kwamba yeye ndiye aliyewaonyesha, wanafunzi watahesabiwa wamepotoshwa na mkubwa, nao watarudia sehemu ya kusikiliza kabla ya mwezi kwisha. Akikataa, basi ni njama ya darasa zima. Mtihani wao wote utafutwa, na watakaa miaka kadhaa bila ruhusa ya kuufanya tena. Jibu litolewe kesho asubuhi.

Jioni ile nilimsindikiza nyumbani, maana nilimwona anatembea kama mtu aliyesahau njia. Sindano alikuwa anapiga pasi sare. Redio hakuvua hata viatu.

"Mwanangu, niambie ukweli. Mliambiana nini siku ile?"

"Hatukuambiana kitu, mama mkubwa."

"Mbona mmeandika kitu kimoja?"

Binti akaiacha pasi mezani. Akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Si tulifuata macho yako?"

"Macho yangu yana nini?"

"Ukifika kwenye jibu unayainua. Mtihani wowote. Unasoma, unasoma, ukifika pale penyewe unatutazama. Tulipoingia kidato cha kwanza dada zetu wa mbele walituambia: kusikiliza msihangaike, mwangalieni Redio. Akiinua macho, andika neno alilotoka kulisema. Nilidhani unajua. Nilidhani unatusaidia."

Sijawahi kuona mtu anapigwa bila mkono kama nilivyoona pale. Redio alikaa kitini taratibu, kwanza akapapasa kama kiti kipo. Na mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kujumlisha, nilijumlisha. Mitihani ya siku zote aliitunga yeye. Alijua swali liko wapi. Akilikaribia, roho ilimpanda, akainua macho kuona kama watoto wamelipata, kama vile mtu anayemlisha mgonjwa anavyotazama mdomo. Miaka yote hiyo watoto walikuwa wanasoma uso wake. Kiingereza chenyewe kilipita masikioni mwao kikaenda zake. Na siku ya mtihani wa mwisho hakujua kimeulizwa nini, basi macho yalikwenda yalikotaka.

"Kwenye neno basi kuna mtu alikohoa," alisema polepole, akikumbuka. "Nikatazama nani. Na kwenye hospitali..."

Akavua miwani, akaishika mkononi.

"Kwenye hospitali nilikutazama wewe, mwanangu. Nililiona lile neno nikakukumbuka."

Pasi ilikuwa inaunguza kitambaa cha meza. Mimi ndiye niliyeiondoa. Nikaanza kufoka, kama kawaida yangu. Nilisema twende kwa wale maofisa sasa hivi, tuwaeleze ilivyokuwa, hakuna aliyeiba kitu hapa.

"Niwaeleze nini, Hesabu? Kwamba nilitoa ishara bila kujua? Watasema ishara ni ishara. Na watoto walikuwa wanaitafuta kwa macho yao. Si ndiyo hiyo njama wanayoitaka?"

"Na wewe je, dada? Kazi?"

"Mimi nimekwisha kufundisha." Akacheka kicheko kikavu. "Kufundisha nini, sijui."

Sindano alilia akamshika magoti, akasema afadhali chuo kipotee. Redio alimfuta machozi kwa ncha ya kanga yake, akamwambia akalale mapema, kana kwamba kesho ni siku ya shule tu.

Asubuhi alitia saini kwamba aliwaonyesha majibu kwa makusudi. Mimi ndiye niliyeandika. Alifukuzwa siku ile ile. Alibeba kikombe chake, miwani ya akiba na sweta iliyokuwa nyuma ya kiti, akapita uwanjani wakati wa mapumziko. Wanafunzi walijua alichokifanya na kwa ajili ya nani. Walisimama kimya hadi alipotoka. Wazazi waliokuwa wakimwagia sifa walianza kuvuka barabara wakimwona, na mkuu wa shule akatangaza kikaoni kwamba siku nyingi alikuwa na wasiwasi naye. Mtu huyo nikimkumbuka hata sasa chakula hakishuki.

Zilibaki siku chache za kumfundisha Sindano kusikiliza. Nilikuwa nikipita kwao baada ya kazi. Redio alikaa ameelekea ukutani, mgongo kwa binti, akasoma. Sindano alikaa mezani na kalamu. Mwanzoni niliona ni mzaha, mama na mwana kupeana mgongo. Baadaye sikuona tena mzaha. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani alikuwa akitokwa na jasho juu ya habari ya paka aliyepotea. Maneno aliyajua yote. Ungemwandikia angeyasoma bila kukwama. Yakitoka kinywani yalishikana mikono, akashindwa kuyatenganisha.

"Rudia, mama mkubwa."

Anarudia.

"Rudia tena. Samahani."

Anarudia tena, na sauti ya Redio haikuchoka, mimi ndiye niliyechoka. Siku ya mwisho Sindano aliweka kalamu chini.

"Geuka, mama mkubwa. Kidogo tu, nikuone. Nikikuona naelewa."

"Kesho sitakuwepo, mwanangu."

"Najua. Leo tu. Nilale nikijua naweza."

Redio alikaa vile vile kwa muda, ameutazama ukuta. Halafu akageuka. Alisoma ile habari akimtazama, na Sindano akapata maswali yote. Walikumbatiana. Nilitoka nje nikasimama penye kamba ya nguo.

Siku ya marudio walileta spika mpya, kubwa, na mimi nikapewa kazi ya kulinda swichi umeme usije ukaleta matata. Nilichomeka waya mwenyewe. Sauti ilitoka safi, ya mwanamume asiyejulikana, asiye na haraka wala huruma. Na darasa zima, wote, wakaacha karatasi zao wakainua vichwa. Waliikodolea macho spika. Walitazama ule mduara mweusi wenye matundu, kalamu tayari mkononi, wakingoja. Sindano alikuwa safu ya pili karibu na dirisha, shingo ameinyoosha. Habari ikasomwa mara ya kwanza. Ikasomwa mara ya pili. Sauti ikasema mwisho, na hapo ndipo macho yao yaliposhuka kwenye karatasi, nyeupe kama zilivyogawiwa.

Sitakuzungusha. Sindano hakufaulu, na wenzake wengi hawakufaulu. Viatu bado viko juu ya kabati, na vumbi sasa lipo. Lakini matokeo yalipokuja mimi nilikuwa nimekwisha kuyajua, na Redio pia, tangu siku ile ya marudio, pale getini.

Hakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo alisimama nje ya geti tangu asubuhi, kwenye jua, na mkoba kifuani. Nilipotoka aliushika mkono wangu.

"Spika ilisikika?"

"Ilisikika vizuri, dada."

"Umeme haukukatika?"

"Haukukatika."

Akaitikia kwa kichwa.

"Sindano alikuwa anatazama wapi?"

Mimi si fundi wa kupamba maneno. "Alikuwa anaitazama spika," nikasema.

Aliuachia mkono wangu. Wanafunzi wakaanza kutoka, hawakuwa na kelele. Sindano alipomwona mama yake mkubwa aliharakisha, akasimama mbele yake. Alimtazama usoni tu, akingoja kujua amefanyaje. Na Redio akainamisha macho.